Pengo kwenye Minyaa

Minyaa haifi. Unaweza kuikata, ukaichoma moto, ukapitisha ng'ombe juu yake miaka kumi, na mvua ikinyesha itachipuka kama vile hakuna aliyewahi kuigusa. Ndiyo maana kambi imekwisha lakini ua wake upo. Mahema yamekwenda, bendera imekwenda, tanki la maji waliling'oa wakalipakia kwenye lori, na yale mawe yaliyopakwa chokaa watu wamejengea vyoo. Lakini ukitoka mtaa wa Kambarage hapa Shinyanga ukafuata jua linakozama, utaikuta safu ya minyaa imenyooka kama kamba iliyovutwa. Inapita katikati ya nyumba za watu, inakata kiwanja cha mpira, haina habari na mtu.

Na katikati ya safu hiyo kuna pengo. Upana wake ni mwanamke mmoja mwenye kibuyu kichwani, basi.

Vijana hunijia wakaniuliza habari za pale. Mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni aliniambia, "Bibi, hapo ng'ombe walizoea kupita." Nikamwambia ng'ombe hapiti kwa hiari yake penye minyaa, na wewe umesoma mpaka wapi hujui hilo? Mimi sikusoma. Nilijifunza kuandika nikiwa mama mzima, kwa mkaa, juu ya kifuniko cha sanduku la biskuti, nikifundishwa na karani wa kambi aliyekuwa akinicheka. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga bila mtu kunishika mkono, na karani yule sijui aliishia wapi. Basi habari ya pengo nitaiandika mwenyewe. Mimi ndiye niliyekaribia kupoteza nyumba kwa ajili yake.

Siku hizi nikikaa barazani jua likiwa kali, usingizi wa wazee hunijia, na kambi inarudi. Hairudi kwa mpango. Kwanza huja vumbi, lile vumbi jeupe la Shinyanga ambalo halipandi wala halishuki, linasimama tu hewani kama maziwa yaliyomwagwa majini. Halafu ndani ya vumbi yanatokea mahema, safu kwa safu, yamelala kama ng'ombe weupe wanaocheua. Halafu baragumu. Baragumu la kambi lilisikika mbugani kote, mpaka kule kwenye mawe makubwa, na ng'ombe wa vijiji walilizoea. La jioni likilia waligeuka wenyewe kurudi nyumbani, mchungaji akiwa bado amelala chini ya mgunga. Watu wa siku hizi wakisikia hivyo wanasema natunga. Waulizeni ng'ombe.

Kabla ya kambi pale palikuwa ngitiri, yaani malisho tuliyoyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Vita Kuu ya pili ilipopamba moto, wazungu walikuja wakapima kwa mnyororo, wakapanda ua wa minyaa kuzunguka, na ngitiri yetu ikawa uwanja wa kwata. Baba yangu hakuwasamehe. Kila akipita pale alitema mate upande wa kushoto. Sasa fikiria mtu huyo anaambiwa binti yake anachumbiwa na askari wa kambi hiyo hiyo.

"Nimpe binti mtu aliyekula ngitiri yangu?" alisema.

"Hakuila yeye," mama akamjibu. "Yeye ameletwa juzi kutoka Geita. Majani yalikuwa yamekwisha liwa."

Mume wangu alikuwa Msukuma wa upande wa Geita. Alikuwa amefanya kazi kwenye shimo la dhahabu miaka miwili kabla hajavaa kaptula ya jeshi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema shimoni hakuna anayeongea, vumbi linaingia kinywani. Alileta ng'ombe wa mahari kwa miguu kutoka kwao, siku nyingi njiani, na hakuna hata mmoja aliyechechemea. Hilo lilimlainisha baba. Lakini mama alinivuta nyuma ya nyumba akaniwekea sharti lake.

"Askari ni watu waliochanganyikana," alisema. "Humo kambini kuna kabila kila namna, na mimi sijui wanaishije. Wewe ninakujua. Siku mume wako atakaponivunjia heshima ya ukwe, hata mara moja, ng'ombe wanarudi kwao na wewe unarudi kwetu. Umenisikia, ng'wanawane, mwanangu?"

"Nimekusikia, mayu," nikamjibu, na mayu kwetu ndiye mama.

Heshima ya ukwe wasomaji wengine hamuijui, niieleze. Kwetu wakati ule mume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia, anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka mama apite. Hali chakula mbele yake. Hasemi naye, na akiulizwa naye hajibu. Mtu wa nje atadhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Ni kwamba huyu mama amekupa kitu kikubwa mno, nawe huna uso wa kumtazama.

Basi nikaingia kambini. Wake za askari tulipewa vibanda vya udongo nyuma ya mahema, vimepangwa mstari, ndiyo maana tuliviita laini. Jirani yangu wa kulia alikuwa mama wa Kiyao kutoka kusini, Mwislamu, mwenye sauti kama ya sajini na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Alinifundisha kupika wali usiogandana. Mimi nilimfundisha michembe, viazi vile tunavyovikata na kuvianika, akasema ni kama kula kamba za viatu, na mwezi uliofuata alikuwa anaiba yangu juani. Jumapili watu wa kila kabila walicheza ngoma yao kwenye kona yao ya uwanja, ngoma nne au tano kwa pamoja, na ukisimama katikati zilichanganyika ukahisi ardhi inapumua. Hicho ndicho ninachokiota mara nyingi zaidi. Nimesimama katikati ya uwanja, sichezi, ardhi inapumua chini ya nyayo zangu.

Mama yangu alikuwa akileta maziwa kambini kwa ajili ya hema la wagonjwa. Alikuja kila asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, kibuyu kichwani, mkono mmoja ukining'inia kama wa mtu asiye na haraka. Kupitia lango kubwa. Hapakuwa na njia nyingine. Na mume wangu, kama askari wengine, alikuwa na zamu zake za kulinda lango.

Mwanzoni haikuwa shida. Walinzi walikuwa wawili, mmoja nje na mmoja ndani. Mama akifika kwenye mgunga wa mwisho alianza kuimba wimbo wa kukamua, ule wa kumbembeleza ng'ombe ashushe maziwa. Mume wangu akiusikia, alibadilishana nafasi na mwenzake, akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha zamu. Mama akapita. Wimbo ukakoma. Mume wangu akarudi. Ilikuwa inaenda laini kama mlango uliopakwa mafuta, na bwana mkubwa wa kambi, kapteni mmoja mwembamba mwenye masikio mekundu, hakujua kitu.

Halafu askari wengi wakapelekwa vitani kwa gari moshi. Kambi ikapungua, na lango likabaki na mlinzi mmoja.

Asubuhi ya kwanza ya zamu ya mlinzi mmoja ilikuwa ya mume wangu. Mama akaimba kwenye mgunga. Mume wangu akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna wa kubadilishana naye. Akafanya alichofundishwa tangu utoto. Akageuza mgongo. Mlinzi wa lango la jeshi, wakati wa vita, na bunduki begani, amesimama wima kama mwiko kwenye ugali, ameipa barabara kisogo. Mama akapita nyuma yake. Na kapteni alikuwa anatoka kwenye hema lake akipangusa sabuni shavuni.

Aliyesuluhisha siku ile alikuwa sajini meja, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima mwenye mvi. Wanyamwezi na sisi ni watani, lakini mambo ya ukwe wanayajua kama sisi. Alimweleza kapteni taratibu. Kapteni alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha kicheko kikamtoka usoni ghafla.

"Na adui akija amevaa nguo za mama mkwe wako?" akauliza.

Mume wangu alizidi kusimama wima, macho mbele.

Amri ikatoka mbele ya wote: akigeuka tena, au akiondoka langoni hata hatua moja, atafungwa, kisha atafukuzwa kambini, na mke wake atatoka siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikwenda kibandani nikakaa chini. Akigeuka, kapteni ananitoa. Asipogeuka, mama ananitoa. Nilizitazama kuta zile za udongo nilizozisiriba kwa mikono yangu, nikaona kama tayari ni za mtu mwingine.

Jirani yangu akaja na uji. "Ninyi Wasukuma," alisema, "mnaogopa mama mkwe kuliko bunduki."

"Bunduki haikuzalii mke," nikamjibu.

Alinitazama, akaniongezea sukari.

Nilimweleza mama jambo lote. Hakushtuka. Alitazama ua wa minyaa, akautazama kama anavyotazama ng'ombe sokoni, chini mpaka juu.

"Basi nitapita hapo," akasema.

"Mayu, hapo hapapitiki. Utomvu wake!"

"Nimezaliwa ndani ya ua wa minyaa. Mama yangu alizaliwa ndani ya ua wa minyaa. Unanifundisha minyaa wewe?"

Asiyejua mnyaa nimwambie. Hauna majani, ni vidole vitupu vya kijani, na ukivunja kidole kimoja unatoka utomvu mweupe kama maziwa ya mtindi. Ukiingia jichoni ni moto. Watu wamepofuka. Mama alipata mahali ambapo ua ulikuwa mwembamba, si mbali na lango, akawa anapenya kiubavu, kibuyu amekikumbatia, kitambaa amejifunika uso. Mlinzi alisimama wima akitazama barabara, kama alivyoamriwa. Mama hakupita mbele ya macho yake. Siku saba, nane, mambo yakaenda hivyo, nikaanza kusiriba kuta tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Kusi ile inayoleta mchanga. Mimi nilikuwa kwenye tanki la maji, mbali kiasi cha kumwita mtu akakusikia lakini asijue umesema nini. Niliuona ua unayumba. Nikaona kitambaa cha mama kinapeperuka juu ya minyaa, chekundu, kinakwenda zake peke yake kama ndege. Halafu nikasikia sauti yake. Mama yangu alizaa watoto saba na sikuwahi kusikia mtu akisema kuwa alilia. Siku hiyo alilia.

Nilikimbia. Tuseme nilijaribu, mwenye mimba ya miezi minane hakimbii, anabeba. Na kadiri nilivyokwenda ndivyo uwanja ulivyorefuka, kama katika ndoto, ardhi inateleza kurudi nyuma. Nilimwona mama amepiga magoti upande wa ndani wa ua, mikono usoni, kibuyu kimeanguka lakini hakijapasuka. Nikamwona mume wangu langoni. Alikuwa bado anatazama barabara. Aliitazama barabara ile iliyokuwa tupu, tupu kabisa, mpaka kwenye mgunga wa mwisho.

Kisha akaiegemeza bunduki kwenye nguzo ya lango, akaenda.

Hatua kumi na moja. Yeye ndiye aliyezihesabu, si mimi. Alipofika akafumba macho. Narudia, alifumba macho, mimi niliona. Alipapasa kwenye majani akakipata kibuyu. Akapiga goti. Akampata mama kichwa, akakigeuza taratibu kama mtu anayegeuza kichwa cha ndama aliyekwama, akaanza kummiminia maziwa machoni. Kwetu utomvu wa mnyaa hauoshwi kwa maji, unaoshwa kwa maziwa. Alimimina kidogo, akafuta kwa kidole, akamimina tena. Macho yake mwenyewe yamefumbwa wakati wote. Baadaye nilimuuliza aliwezaje. Alisema kule Geita taa ya kabaidi ikizimika shimoni, unamtafuta mwenzako kwa mikono, na mikono haikosei.

Nilisikia mama akiuliza, "Nani huyo?"

Kimya.

"Wewe ni nani?"

Kimya. Maziwa yanamiminika, meupe juu ya utomvu mweupe, yanadondoka kwenye vumbi jeupe. Ninapoiota siku hiyo hakuna rangi nyingine.

"Nigeukie wapi?"

Hakujibu. Akamgeuza tu.

Nilipofika yeye alikuwa amekwisha rudi langoni, bunduki begani, anatazama barabara, maziwa yanachuruzika kwenye viwiko. Na koplo mmoja mnafiki alikuwa amesimama penye jiko la kambi, ameona yote, anatabasamu.

Kesi ilisikilizwa asubuhi iliyofuata, chini ya turubai mbele ya hema la kapteni. Mama aliitwa ashuhudie. Alikuwa amelala katika hema la wagonjwa, macho yamefungwa bendeji. Nilimwongoza kwa mkono. Alipofika karibu akasimama kama punda.

"Mkwe wangu yupo hapo?"

"Yupo, mama," sajini meja akasema. "Lakini wewe una bendeji. Humwoni."

"Na yeye je? Ana bendeji?"

Watu wakaangua kicheko. Sajini meja akamgeukia kapteni, wakazungumza Kiingereza. Masikio ya kapteni yakazidi kuwa mekundu. Hatimaye wakaleta blanketi la jeshi, askari wawili wakalishika katikati kama ukuta. Upande mmoja mume wangu, upande mwingine mama. Ndipo mama akakubali kukaa.

Sajini meja alitafsiri. "Bwana mkubwa anauliza: jana askari aliondoka langoni?"

"Mwambie sikuona. Macho yalikuwa yamejaa utomvu."

"Anauliza: nani alikuosha macho?"

"Mtu mwenye mikono."

"Mtu gani, mama?"

"Ningejuaje? Nilimuuliza, wewe ni nani, hakujibu. Nikamuuliza tena, hakujibu. Mtu ameshika kichwa changu na hasemi neno."

Niliiona sura ya sajini meja ikibadilika. Alikuwa mtu wa Tabora. Alijua ni mwanamume gani peke yake duniani asiyemjibu mwanamke anayeumia. Alikohoa kwanza, ndipo akatafsiri.

"Mwambie mzungu hivi," mama akaendelea. "Mtu yule ana adabu. Kama ni askari wake, anaye askari. Kama si wake, amtafute amwandike."

Kapteni akageukia upande wa pili wa blanketi. Mume wangu angeweza kukana. Koplo alikuwa shahidi peke yake, neno lake dhidi ya neno la mume wangu. Mimi niliomba moyoni akane. Lakini nilikuwa nimeolewa na mtu aliyeswaga ng'ombe kutoka Geita bila hata mmoja kuchechemea.

"Niliondoka, afande," akasema. "Hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Bunduki niliiegemeza kwenye nguzo."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu alikuwa anaungua, afande."

"Uliona ni nani?"

"Sikuona, afande. Nilifumba macho."

Kapteni aliweka kalamu chini. "Mlinzi ameacha lango," akasema polepole, na sajini meja akatafsiri kwa sauti ili sote tusikie. "Ameacha bunduki. Na amefumba macho." Akatazama lile blanketi muda mrefu, na wale askari wawili waliolishika, mikono inawauma. Nadhani alikuwa na mama yake mahali fulani. Au labda alichoka tu na sisi.

Akampa siku saba za kifungo. Hakumfukuza. Akaamuru kwamba akitoka ang'oe minyaa na mizizi yake pale mama alipopenya, aweke nguzo mbili, na pasipite mtu mwingine hapo isipokuwa mwenye maziwa. "Lango kubwa tumwachie adui," alisema. Tangu siku hiyo kambi nzima ilipaita Lango la Mama Mkwe. Hata koplo mnafiki.

Upande wa jeshi ukawa umekwisha hivyo. Upande wa kwetu ulikuwa bado. Mume wangu akiwa kifungoni baba alikuja na fimbo yake, akatema mate kushoto, akaingia.

"Funga mizigo," akaniambia. "Amemgusa mama yako kichwa. Mbuga nzima inasema."

Nilisimama katikati ya kibanda, nimeshika tumbo. Mama alikuwa amekaa mlangoni, bendeji imetolewa, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka motoni.

"Nani amegusa?" akauliza.

"Mkwe wako!"

"Nani alimwona?"

"Koplo amesema…"

"Koplo si mkwe wangu. Mimi ndiye mwenye heshima inayosemwa kuvunjwa. Mimi nilimwona?"

Baba alihamishia fimbo mkono wa pili.

"Wewe ulimwona?" mama akamuuliza. "Yeye aliniona? Amesema mbele ya mzungu kwamba alifumba macho. Sasa heshima imevunjikia wapi, nionyeshe kipande."

Baba alizungusha fimbo vumbini. Alikunywa uji wa jirani yangu wa Kiyao, akausifu, akaondoka. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katika kibanda hicho wiki mbili baadaye, na mama ndiye aliyempokea.

Lakini mama hakuwahi kusema lolote kwangu. Hata tukiwa wawili. Nilijaribu kumchokoza: "Mayu, mikono ile ilikuwaje?" Alinitazama kama hajui ninachozungumza. Niliposisitiza aliniambia nichunge chungu changu kinaungua. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Akitamka tu kwamba anajua, itakuwa amemwona. Ilimbidi asijue, mwaka hata mwaka, ili mimi nibaki na nyumba.

Mume wangu naye alipelekwa vitani. Siku ya gari moshi askari walitoka kwa lango kubwa wakiimba, na mama alikuwa amesimama kwenye pengo lake, ameipa barabara mgongo, kibuyu kichwani. Hakugeuka. Mume wangu alipita, akauona mgongo ule. Alirudi baada ya vita, mwembamba, akiwa koplo, na neno la kwanza aliloniuliza halikuwa juu ya mtoto. Aliuliza, "Pengo bado lipo?"

Kambi ilibaki miaka kadhaa, ikipungua kama ziwa la kiangazi. Kila mwaka hema moja moja likaondoka. Sisi tulitoka tukapata kiwanja, nikaanza na ng'ombe mmoja, kisha watatu, nikawa mimi ndiye ninayepeleka maziwa mjini, kibuyu kichwani, kisha kwa baiskeli, na walionicheka kwa kupanda baiskeli nikiwa mwanamke nimewazika wengi. Siku moja katika miaka ya hamsini lori lilikuja likachukua bendera na tanki. Baragumu halikulia jioni ile. Ng'ombe walisimama mbugani, wamegeuza vichwa, wanangoja.

Baba alipofariki tulimchukua mama. Mume wangu alimjengea nyumba yake pembeni mwa ua, mlango ukitazama upande mwingine. Kila alipotaka kuvuka ua alikohoa kwanza, ili mama aingie ndani au ageuke. Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana. Wageni walidhani ana kifua.

Macho ya mama yakaanza kufifia. Wengine walisema ni utomvu wa siku ile, wengine walisema ni uzee. Yakawa meupe polepole, mpaka akawa hatofautishi mlango na ukuta. Mchana mmoja, wakati wa kuvuna pamba, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, miguu juani. Akaniita.

"Mchana au usiku?"

"Mchana, mayu."

"Kumbe. Basi mwite."

"Nani?"

"Anayekohoa."

Nilikwenda shambani nikamwita. Alikataa. Nikamwambia amesema mwenyewe. Akanawa mikono, akavaa shati, akaja. Alikaa chini, hatua moja kutoka kwenye kigoda, na kwa mazoea akakaa amegeuza mgongo.

Mama aliinua uso. Alisikiliza.

"Nani huyo?" akauliza.

Kimya.

"Wewe ni nani?"

Mume wangu alikuwa koplo aliyeamrisha watu ishirini kwa sauti iliyovuka uwanja. Halikutoka neno.

Mama akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, meno mawili yaliyobaki yakaonekana. "Ndiye," akasema. "Ndiye yule yule." Kisha akanyoosha mkono hewani, ukapapasa, ukapata kichwa chake, akakigeuza taratibu kumwelekea. "Sema sasa, baba. Mimi sioni tena. Hakuna kitakachovunjika."

Akageuza na mwili, akamkabili.

"Shikamoo, mayu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una sauti ndogo hivi! Na kukohoa kote kule."

Niliwaacha. Nilichukua kibuyu nikaenda kukamua, ingawa haikuwa saa yake, na ng'ombe alinigeukia akanishangaa.